Piano Isiyokaa kwenye Sauti: Kutafuta Chanzo Kuanzia kwenye Spana

Malalamiko ambayo fundi wa piano huyasikia mara nyingi kuliko yote ni kwamba piano imetyuniwa, imelipiwa, na kabla wiki haijaisha noti kadhaa zimekwisha kuyumba. Mwenye piano huyalaumu masikio ya fundi, naye fundi huulaumu ubao wa pini, yaani mbao zinazozishika pini za kukazia nyuzi, au hali ya hewa. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi masikio yalikuwa sahihi na ubao ulikuwa mzima. Kilichokosewa ni namna spana, yaani mpini mrefu wa kuzungushia pini, ilivyoivuta pini na namna ilivyoiacha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mkononi, unapita kwenye pini na uzi, na unafika kwenye mbao na hewa mwishoni kabisa, kwa kuwa huo ndio mpangilio unaookoa muda na kuiepusha piano na matengenezo isiyoyahitaji.

Kinachotokea spana inapovutwa

Piano yenye vibonye 88 ina nyuzi kati ya 220 na 230, na kila uzi huvuta kwa nguvu ya takriban niutoni 700, ambayo ni sawa na uzito wa mtu mzima wa kilo 70 anayening'inia. Uzi huo umezungushwa kwenye pini ya chuma yenye kipenyo cha milimita 7 hivi. Kwa kuwa unavuta kwenye umbali wa milimita 3.5 tu kutoka katikati ya pini, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayojaribu kuifungua pini ni ndogo, takriban niutoni-mita 2.5. Kinachoizuia pini isizunguke ni msuguano wa mbao peke yake. Hakuna nati, hakuna meno, hakuna kufuli. Ubao mzuri huishika pini kwa torki ya niutoni-mita 8 hadi 14.

Chukua mfano wa pini inayoshikwa kwa niutoni-mita 10. Ili kuipandisha sauti, fundi anapambana na mbao pamoja na uzi, yaani 12.5; ili kuishusha, uzi unamsaidia, na anahitaji 7.5 tu. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 30, hiyo ni tofauti kati ya kuvuta kama mtu anayeinua kilo 4 na kuvuta kama anayeinua kilo 2 na nusu. Fundi asiyejua tofauti hii huwa anapitiliza kila anaposhusha, kisha anarudi juu, kisha anashuka tena, na pini inaishia kuchakaza tundu lake bila sababu.

Spana ni wenzo, na wenzo huu hufanya kazi tatu kwa pamoja hata kama fundi anakusudia moja tu. Unaizungusha pini ndani ya mbao, unaisokota pini yenyewe kama fimbo yoyote ya chuma inavyosokoteka, na unaipinda kwa upande. Sikio haliwezi kuzitenganisha kazi hizo: likisikia sauti imepanda, halijui kama pini imezunguka, imesokoteka au imepinda. Mzunguko ndio unaobaki mkono ukiondoka, na hayo mawili mengine hurudi yalikotoka, mara nyingine papo hapo, mara nyingine baada ya siku mbili.

Ukubwa wa mambo haya huwashangaza watu. Uzi wa noti ya A iliyo juu ya C ya katikati, ambayo tangu mkutano wa London wa mwaka 1939 imekubalika kuwa hezi 440, una unene wa karibu milimita 1 na urefu wa takriban sentimita 60 kutoka kwenye pini hadi unapofungwa. Ukiwa umekazwa, umerefuka kwa milimita 2.7 tu kuliko ulivyokuwa ulipolegea. Ili sauti yake ibadilike kwa senti moja, yaani sehemu moja ya mia ya nusu toni, unatakiwa uvutwe kwa sehemu tatu tu za elfu za milimita. Pini inazunguka sehemu moja ya ishirini ya digrii, na mpini wa spana unasogea robo milimita, unene wa karatasi mbili au tatu za daftari. Kwenye noti nyembamba za mwisho wa kulia nafasi hiyo inapungua hadi kuwa karibu theluthi yake.

Wapigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, katika taarabu ya Unguja wanaijua kazi ya kutyuni nyuzi tatu tatu kwa ufunguo mdogo, na wengi wao wana masikio ambayo mafundi wa piano wangeyatamani. Lakini nyuzi za kanuni ni za nailoni, na nailoni hunyumbuka mara nyingi zaidi ya chuma, kwa hiyo ufunguo wake unapewa nafasi pana ya kuzunguka kabla sauti haijabadilika sana. Anayetoka kwenye kanuni na kuja kwenye piano analeta sikio lilelile, ila mkono wake hana budi kuufundisha upya.

Sauti inabadilika mara tu unapoiachia spana

Hii ndiyo dalili iliyo rahisi kuigundua, kwa sababu inatokea ukiwa bado umesimama hapo. Noti ilikuwa safi ulipokuwa umeushika mpini, nawe ulipoulegeza mkono ikapanda au ikashuka. Chanzo ni kupinda kwa pini. Mpini wa spana hauko usawa mmoja na ubao. Uko juu yake kwa sentimita 7 hadi 10, kwa hiyo nguvu inayozungusha pini inaisukuma pia kichwa upande mmoja. Kwa pini ya mfano wetu, msukumo huo unatosha kukisogeza kichwa kiasi cha kubadilisha sauti kwa senti mbili tatu kwa urahisi, kabla hata ya kuhesabu ulaini wa mbao.

Upande inakopinda ndio unaoamua kama sauti itapanda au itashuka. Mafundi huueleza mwelekeo wa spana kwa uso wa saa, na hapa msomaji wa Kiswahili awe mwangalifu: nazungumzia namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si saa tunazozitaja kwa mdomo. Kwenye piano ya wima nyuzi zinashuka kutoka kwenye pini kwenda chini, na pini huzungushwa kuelekea kulia ili sauti ipande. Spana ikielekea namba 3, kuipandisha sauti maana yake ni kuusukuma mpini chini, yaani kuipinda pini kuelekea kwenye uzi. Uzi unapata nafuu ya muda, sauti inaonekana iko chini kuliko ilivyo, fundi anaendelea kuvuta, na akiachia pini inanyooka na sauti inaruka juu. Spana ikielekea namba 9 mambo yanageuka: mpini unasukumwa juu, pini inapinda kuukimbia uzi, sauti inaonekana imefika, na akiachia inashuka.

Tiba ni kuiweka spana ielekee namba 12 au karibu yake, sambamba na uzi. Katika hali hiyo nguvu ya mkono inakwenda kwa upande, na pini ikipinda inapinda kukatisha uzi, jambo ambalo haliubadilishi urefu wake kwa kiasi cha kusikika. Kwenye piano ya grandi, ile ambayo nyuzi zake zimelala, utaratibu ni uleule ingawa fundi amekaa tofauti: mpini uufuate mstari wa uzi. Kichwa cha spana chenye tundu la nyota yenye ncha nane kinasaidia sana hapa, kwa kuwa kinaingia kwenye pini ya pembe nne kila baada ya digrii 45, ilhali tundu la mraba linatoa nafasi nne tu.

Pale ambapo mfuniko au ukuta hauruhusu namba 12, usilazimishe. Tumia mwelekeo unaopatikana, lakini usihukumu sauti ukiwa umeushika mpini. Achia kabisa, piga kibonye, sikiliza, kisha amua.

Noti ni safi leo, kesho imeshuka

Hapa ndipo mafundi wengi tunapopotezea heshima yetu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita niliityuni piano ya wima katika kanisa moja la Tanga, siku ya Jumamosi alasiri. Vijana wa kipaimara walikuwa wanafundishwa nyuma ya ukuta mwembamba, nami kwa heshima nilibonyeza vibonye taratibu saa zote tatu. Kila noti niliivuta hadi ilipofika, nikaiacha, nikaenda inayofuata. Nilipomaliza ilikuwa imetulia kabisa. Jumapili mpiga piano alikaa na kwaya ya watu arobaini nyuma yake, akapiga kama kwaya hiyo inavyotaka, na kufikia wimbo wa tatu E na F zilizo juu ya C ya katikati zilikuwa zinalia kwa kuyumba, kila moja ikiwa na uzi mmoja ulioshuka kati ya nyuzi zake tatu. Ubao ulikuwa mzima. Hewa haikuwa imebadilika. Kosa lilikuwa langu, na lina maelezo kamili.

Uzi wa piano si kipande kimoja. Kuna kipande kifupi kutoka kwenye pini hadi kwenye upau wa chuma unaoukandamiza, kuna sehemu ndefu inayolia, na kuna mkia ulio nyuma ya daraja, yaani kipande cha mbao kinachoupeleka mtetemo wa uzi kwenye ubao wa sauti. Katika kila mahali uzi unapopinda pana msuguano, na msuguano huo unaruhusu vipande viwili vya uzi mmoja viwe na mkazo tofauti bila uzi kuteleza. Ikiwa uzi umepinda kwa digrii 15 na kigezo cha msuguano ni 0.2, mkazo wa pande mbili unaweza kutofautiana kwa asilimia 5 na bado pakawa kimya. Asilimia 5 ya mkazo ni zaidi ya senti 40 za sauti. Haihamii yote kwenye sehemu inayolia, kwa kuwa kipande cha mbele ni kifupi, lakini hata moja ya kumi yake inatosha kuiharibu noti.

Ongeza sasa msokoto wa pini. Nilipokuwa navuta, kichwa cha pini kilitangulia na mguu wake ukabaki nyuma ndani ya mbao. Nusu digrii ya msokoto ni sawa na senti 10 hivi. Nilipoachia, kichwa kilirudi na kukilegeza kipande cha mbele cha uzi. Msuguano wa upau ukaishika sehemu inayolia isishuke, nami nikasikia noti safi. Nyundo za Jumapili ziliutikisa uzi mpaka ukateleza, mkazo ukagawanyika sawa, na sauti ikaenda mahali ambapo pini ilikuwa imeielekeza tangu Jumamosi.

Kwa hiyo pini huvutwa kupita pale inapotakiwa, kwa senti 4 au 5, huku kibonye kikipigwa kwa nguvu ya kweli. Mkono unaachia, sikio linasikiliza sauti ilipotua, kisha mpini unasukumwa kurudi kidogo sana mpaka noti ikae. Piga tena kwa nguvu mara tatu au nne. Ikishuka baada ya kupigwa, kipande cha mbele kilikuwa kimelegea; ikipanda, kilikuwa kimekazwa kupita kiasi. Kipimo cha mwisho ninachokitegemea ni hiki: weka kidole kimoja kwenye mpini, uusukume kidogo upande wa kupandisha sauti, kisha kidogo upande wa kuishusha, bila kuizungusha pini. Sauti ikibadilika kwa kiasi kilekile pande zote mbili na kurudi palepale, pini imetulia katikati ya mnyumbuko wake. Ikibadilika upesi upande mmoja na kukataa upande mwingine, bado kuna msokoto uliobaki ndani, na utatoka siku moja.

Na kama kuna darasa nyuma ya ukuta, ahirisha kazi.

Pini haisogei, halafu inaruka

Unavuta, hakuna kinachotokea, unaongeza nguvu, mara pini inatoa mlio mkavu na sauti imekwenda senti 15 juu. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kilicho kwenye mwendo. Pini inajaa msokoto kama springi, na mguu wake ukishajitoa unatembea mpaka msokoto uishe. Mwambao wetu unaizidisha hali hii, kwa sababu mbao iliyovimba kwa unyevu huibana pini kupita kiasi.

Kuvuta polepole kwa nguvu nyingi ndiko kunakoukuza mruko. Badala yake ijaze pini msokoto hadi karibu na pale inapotaka kujitoa, kisha uugonge mpini kwa misukumo mifupi ya kiganja, kila mmoja ukiusogeza mguu wa pini kidogo tu. Msukumo wa ghafla unaisha kabla pini haijapata nafasi ya kusafiri mbali. Usitie mafuta ya aina yoyote kwenye pini. Nimeziona piano mbili zilizopuliziwa mafuta ya kulegeza kutu na watu wenye nia njema, na zote mbili ubao wake wa pini haukushika tena.

Pini inazunguka kama iko kwenye siagi

Kabla ya kuuhukumu ubao, pima. Torki ikiwa chini ya niutoni-mita 5, pini iko kwenye hatari, ikikaribia 2.5, uzi wenyewe utaifungua. Asiye na kipimo cha torki anaweza kutumia mizani: kwenye piano ya grandi, ambayo ubao wake umelala, mizani ya kuvuta yenye ndoano ikifungwa mwishoni mwa spana ya sentimita 30 na kuvutwa kwa upande isome gramu 850 au zaidi kabla pini haijaanza kurudi nyuma, ukikumbuka kwamba unapoishusha uzi unakusaidia, na kwa hiyo usomaji huo uko chini ya msuguano halisi.

Ikiwa ni pini chache, zigongwe ndani kwa milimita 2 hivi, mradi mzunguko wa waya usiguse fremu. Kwenye grandi ubao uwekewe tegemeo kwa chini kwanza, kwani mapigo ya nyundo yanaweza kuupasua. Gundi nyembamba ya aina ya supaglu ikidondoshwa kuzunguka pini hupenya kwenye nyufa ndogo za mbao na kuurudisha msuguano. Piano ya wima lazima ilazwe chali ili gundi iingie badala ya kuchuruzika. Hayo yakishindikana, inawekwa pini nene zaidi kwa sehemu moja ya kumi ya milimita.

Spana yenyewe inacheza

Ukisikia mpini unasogea kabla hujahisi pini, kichwa cha spana ni kikubwa kwa pini hiyo au kimechakaa. Katika kazi ya robo milimita, mchezo wa nusu milimita unaifuta taarifa yote ambayo mkono ungeipata. Badilisha kichwa. Kikiwa kirefu mno hadi kinagusa mzunguko wa waya, badilisha vilevile. Koleo na spana ya gereji zisitumike hata kwa noti moja, kwa kuwa huziviringa pembe za pini na baada ya hapo hakuna spana itakayoishika sawasawa.

Umemaliza upande wa kulia, wa kushoto umeshuka

Piano iliyoshuka kwa nusu toni nzima inahitaji mkazo wake uongezwe kwa asilimia 12. Kwa jumla ya tani 16 hivi, hizo ni karibu tani 2 zinazowekwa juu ya fremu na ubao wa sauti katika saa mbili. Vyote vinakubali kidogo, na nyuzi ulizozikaza mwanzo zinalegea kadiri unavyokaza zinazofuata. Fundi asiyelijua hili anarudia noti zilezile mara tano akidhani pini hazishiki.

Pita mara ya kwanza haraka, ukiipandisha kila noti kupita lengo kwa takriban robo ya kiasi ilichoshuka, bila kuhangaikia usafi. Kisha anza upya kwa utulivu. Kwenye piano za mwambao zilizoachwa miaka mingi, kila uzi ushushwe kidogo kwanza mpaka usikie mlio mdogo wa kutu ikiachia kwenye upau, ndipo upandishwe. Nyuzi nyembamba tayari zinafanya kazi kwa zaidi ya nusu ya nguvu zake za kukatika, na kutu hula nusu iliyobaki. Vaa miwani, na uso usiwe juu ya uzi unaovutwa.

Noti nyingi zimehama pamoja

Sasa ndiyo hali ya hewa. Njia ya kuitambua ni rahisi: uzi mmoja kati ya nyuzi tatu za noti ukihama, ni mkono wa fundi au ni pini, nyuzi zote tatu zikihama pamoja na majirani zao, hasa katikati ya piano, ni ubao wa sauti uliovimba au kukauka na kulisukuma daraja. Piano iliyo kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa Jumapili tu itafanya hivyo kila wiki, na hakuna spana itakayoizuia. Afadhali kiyoyozi kizimwe kabisa au kiwashwe wakati wote.

Uzi mmoja unayumba ukiwa peke yake

Zima nyuzi mbili za jirani kwa kabari ya mpira na usikilize wa tatu. Ukisikia bado una mapigo ndani yake, yaani sauti inayokua na kufifia kwa mawimbi, iweke spana chini, kwa kuwa hakuna kiasi cha kuzungusha pini kitakachoyaondoa. Chukua bisibisi, uigandamize kwa upande pini ndogo ya daraja ambayo uzi huo unaiegemea, na umwombe mwenzako abonyeze kibonye. Mapigo yakinyamaza, pini hiyo imelegea ndani ya daraja; tone moja la gundi nyembamba kwenye mguu wake, nusu saa ya kusubiri, na uzi huo utakuwa tayari kutyuniwa.